Ukifa Utazikwa Wapi?

Ukitaka kiti cha siasa Kenya, hata kiti kidogo cha wadi, swali la kwanza halihusu maji wala barabara. Ni kwenu wapi. Mimi nikijibu "Tanga," wanaotabasamu huwa wengi kuliko wanaonuna, maana Wakenya wanaipenda Tanga ya taarabu na ya Kiswahili cha madaha. Tabasamu likishaisha ndipo huja la pili: sasa hapa unatafuta nini?

Niliingia Kenya mwaka 1989 kwa mpaka wa Horohoro na Lungalunga, bibi harusi wa kijana wa Pumwani, Nairobi. Mpaka nilipotoka katika Bunge la Kaunti ya Nairobi mwaka 2022, maswali hayo hayakuwahi kustaafu. Yalibadilisha nguo tu. Mara yalikuja kwa utani, mara kwa barua ya wakili, na mwaka 2008 yalikuja na mapanga. Nayaandika kwa ajili ya wenzangu waliozaliwa kwingine, wanaoishi mitaani mwetu na kuanza kuwaza siasa. Wanakuja kuniuliza nilipitaje, na kila mara najikuta nasimulia upya.

Nianze na nyumba niliyoolewa. Mavyaa wangu alizaliwa Pangani, kile kijiji cha Waswahili cha Nairobi ambacho serikali ya kikoloni ilikibomoa mwaka 1939, watu wakahamishiwa Shauri Moyo na kwingineko. Baba yake alitoka upande wa Kigoma, akaja na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akasalia. Kwa hiyo mama huyu alikuwa ameiona Nairobi kabla ya wengi wanaojiita wenyeji wake, na bado karani akitazama jina lake na ushungi wake alimuuliza alikuja lini. "Mwambie nilikuja kabla ya mama yako," alinifundisha nijibu siku nikiulizwa mimi. Halafu akanionya nisithubutu kujibu hivyo kweli, kwa kuwa muhuri uko mkononi mwa karani.

Karatasi yangu niliipata mwaka 1994. Katiba ya zamani ilimpa mwanamke aliyeolewa na Mkenya haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Mwanamume aliyemwoa Mkenya hakuwa nayo. Wifi yangu aliolewa na fundi wa magari kutoka Uganda, na bwana yule aliishi Nairobi kwa vibali, kila kibali kikikaribia kwisha nyumba nzima inakosa usingizi, hadi Katiba ya 2010 ilipowasawazisha waume na wake: miaka saba ya ndoa, kisha unaomba. Mimi nilipita mlango uliofunguliwa wanawake peke yao, na katika sheria za zama zile sikumbuki mlango mwingine uliotupendelea.

Ombi lilipelekwa Nyayo House, kwenye ofisi za uhamiaji. Wakati ule watu walipanda lifti ya jumba lile kimya kimya, maana kila mtu alishasikia habari za vyumba vya chini ya ardhi walikoteswa wapinzani wa serikali. Nilikula kiapo, nikaukana uraia wa Tanzania, kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha na Kenya ya siku hizo haikuukubali pia. Mama yangu kule Makorora aliniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mwanangu, sasa utaingia kwangu kwa kupiga hodi ya serikali?" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Cheti nilikitia kwenye nailoni, nikakiweka katika kasha la mavyaa chini ya khanga zake za Idi. Nakitaja kwa urefu kwa sababu baadaye kiliniokoa kuliko hotuba zangu zote.

Siasa yenyewe ilinikuta katika soko la Gikomba nikiuza madera na khanga. Soko lile likiungua, na limeungua mara nyingi, wanasiasa huwahi kufika, majibu huchelewa. Kikundi chetu cha akina mama kilinifanya mwandishi, eti kwa kuwa naandika barua ya Kiswahili isiyohitaji kusomwa mara mbili. Niliandika za vyoo, za ada za soko, za kuomba gari la zimamoto lipewe njia ya kupita. Ukiandika barua za watu muda mrefu, watu huanza kukuona kiongozi hata kama hujaomba. Mwaka 2007 wakanisukuma nigombee udiwani, nikaangushwa katika mchujo wa chama. Sitakaa hapo, ni hadithi ya kila mtu aliyewahi kuingia mchujo.

Yaliyofuata ndiyo ya kukaa. Matokeo ya urais yalipotangazwa, mtaa ulipasuka kwa makabila. Kwa hesabu ya Tume ya Waki, iliyoyachunguza baadaye, watu 1,133 waliuawa nchini katika machafuko yale. Vijana waliweka vizuizi vichochoroni, wakadai vitambulisho ili wasome jina la mwisho. Langu liliwachanganya. Lilikuwa jina la Kiislamu lisilo na upande katika ugomvi wao, wakaniambia, "Mama, pita." Jirani yangu wa mkono wa kushoto alikimbilia kwa ndugu zake, wa kulia akakimbilia kwa wake, na kila mmoja aliniachia funguo na vitu kwa siri, asijue kuwa mwenzake amefanya vilevile. Sebule yangu ikajaa magodoro, cherehani, televisheni ya chogo, masufuria, na picha mbili za harusi za watu ambao wiki ile wasingeweza kusimama kwenye kichochoro kimoja. Hali ilipotulia, wa kushoto alikuja kuchukua vyake akakuta vimebanwa chini ya vya wa kulia. Akanitazama, nikamtazama. Tukasaidiana kuinua cherehani ya jirani yake tuiweke pembeni, kisha akabeba godoro lake akaenda.

Nyumba zote mbili zilinipigia debe chaguzi zote zilizofuata. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba asiye na kabila hapa hana kura. Hana kura za kurithi, hilo kweli. Anaanza na sifuri. Lakini katika mtaa wa Eastlands, ambako hakuna kabila moja linaloweza kushinda peke yake, mtu ambaye hakuna anayemwogopa anaweza kuokota kura kila pembe. Mnaojua hesabu za siasa za Nairobi mtanielewa.

Mwaka 2013 udiwani ulikuwa umezikwa na kaunti 47 zimezaliwa. Niligombea kiti cha wadi katika bunge la kaunti, nikashindwa kihalali, nikampigia simu aliyenishinda usiku uleule.

Mwaka 2017 una vichekesho vyake. Aprili mwaka huo Nairobi ilikuwa ikimshangilia Lucy Gichuhi, mzaliwa wa Kenya aliyehamia Australia mwaka 1999, Mahakama Kuu ya huko ilipomtangaza seneta wa jimbo la South Australia. Huko nako walitokea waliohoji kama bado ni raia wa Kenya, jambo ambalo katiba yao inamkataza mbunge, na jibu lilikuwa katika ileile katiba yetu ya zamani, iliyomvua uraia Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine. Habari hizo nilizisoma kibandani nikiwa na barua ya wakili mkobani, iliyodai kuwa mimi ni Mtanzania na nijitoe. Mteja wangu mmoja alikuwa akimsifu Gichuhi kwa moyo wote, mwanamke wa Nyeri kaenda kuwaongoza wazungu. Akamaliza kulipia dera lake, akaniambia kwa upole kabisa, "Lakini Mama, si ungegombea huko kwenu?"

Vyama vilikuwa vimenichosha, nikaamua kuwa mgombea huru. Mgombea huru wa wadi anatakiwa kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyohiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Watu 500 ni wachache ukiwa umekaa kwenye kiti. Ukianza kuwatafuta ndipo unapojua nani anakupenda kwa mdomo na nani yuko tayari kuandika nambari ya kitambulisho chake chini ya jina lako. Kusanya za ziada, nyingi. Mtu ataapa kuwa ni mpiga kura wako, ukimtafuta kwenye daftari unamkuta Machakos.

Malalamiko ya uraia yalifika mbele ya kamati ya kusuluhisha mizozo ya uchaguzi. Kifungu cha 193 cha Katiba kinamtaka anayegombea bunge la kaunti awe raia kwa angalau miaka kumi iliyotangulia siku ya uchaguzi, na cha 78 kinamzuia afisa wa Serikali kuwa na uraia wa nchi mbili. Wakili wa upande wa pili alizungumza sana juu ya lafudhi yangu. Alisema hata salamu zangu ni za ng'ambo, na watu nyuma wakaangua kicheko, nami nikacheka, maana ni kweli. Wakili wangu, kijana mkimya, alisimama akatoa cheti kwenye nailoni yake, akasoma tarehe. Akatoa barua ya kuukana uraia wa Tanzania, akasoma tarehe. Akakaa. Shauri lilikwisha upesi kuliko foleni ya kuingilia.

Usiku wa Agosti 8 nao una somo, na ni la mawakala. Kura za urais huhesabiwa kwanza, na zikishahesabiwa mawakala wengi huona kazi imekwisha. Wengine husinzia juu ya madawati, wengine hutafuta chai wasirudi. Wangu walikuwa akina mama wa Gikomba waliozoea kuamkia mizigo alfajiri. Hawakulala. Kila mmoja alitoka darasani na nakala yake ya fomu 36A, ile ya matokeo ya wadi katika kituo, imetiwa sahihi, imekunjwa ndani ya sidiria. Tulijumlisha kwa kikokotoo cha dukani, tukajua tumeshinda kabla ya msimamizi kufungua mdomo.

Bunge la Kaunti hukaa City Hall. Mijadala mingi ni ya Kiingereza ingawa Kiswahili kinaruhusiwa, nami nilichangia kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Wenzangu walicheka kidogo. Baada ya miezi kadhaa walikuwa wananifuata kwenye korido na hotuba zao niwapigie msasa kabla hawajaenda redioni, hata wale wa vyama vilivyokuwa vimeniita mgeni.

Ila kazi yenyewe haiko kwenye hotuba. Mwananchi anaamini kwamba MCA, yaani mwakilishi wa wadi, ana gunia la pesa nyumbani. Kazi yake kisheria ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuichunguza serikali ya kaunti, na ukitaka kumsaidia mtu wako lazima ujue kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bungeni si zaidi ya Septemba 1. Waraka wa mwelekeo wa fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na anayekuja na kilio cha mtaro mwezi huo amechelewa karibu mwaka mzima, hata akipiga magoti.

Tulikuwa na mtaro nyuma ya safu ya ploti za mabati, mweusi, umejaa nailoni, mwenye kibanda cha chapati kauwekea ubao wa kuvukia wateja. Mvua ikinyesha ubao ulielea, na watoto wakaufanya mashua. Wenzangu walionitangulia waliuahidi mtaro huo kila uchaguzi, nami sidhani kama walidanganya. Nilipoomba jedwali la miradi nikalisoma mstari kwa mstari, niliukuta mtaro wetu umeandikwa kwa jina la barabara iliyo katika wadi jirani. Kwenye karatasi ulikuwa wa watu wengine. Nilichukua futi ya fundi cherehani, tukaupima mimi na kijana mmoja wa ploti, tukachora ramani kwa kalamu ya wino, nikaambatisha picha za ubao na mashua. Jina likasahihishwa katika mpango wa mwaka uliofuata. Mtaro ukachimbwa, si mzuri sana, lakini upo.

Sijawahi kushangiliwa kwa futi ile kama nilivyoshangiliwa kwa kuchangia basi la mazishi. Huo ndio ukweli wa siasa zetu na sina ugomvi nao.

Kisha mambo yakavurugika. Februari 25, 2020, afya, uchukuzi, ujenzi na mipango vilihamishwa kwa mkataba kutoka kaunti kwenda serikali kuu, chini ya idara mpya ya NMS, yaani Nairobi Metropolitan Services. Korona ikaingia mwezi uliofuata. Mwananchi hakuusoma mkataba. Alikuja mlangoni kwangu na ndoo tupu. Nilianza upya kujifunza nani anakaa ofisi gani, na hapo barua za Gikomba zilinifaa kuliko cheo. Barua fupi, tarehe juu, jambo moja, jina la anayetakiwa kujibu.

Nirudi kwenye mazishi, maana huko ndiko swali la kwetu lilikoulizwa kwa uzito. Nairobi mtu akifa, jamaa hukutana kila jioni kuchanga pesa za kumsafirisha ushago, kijijini kwao. MCA lazima aonekane. Usiku mmoja, tumekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, kikapu kimeshazunguka, mzee mmoja aliyeheshimika sana mtaani alinigeukia mbele ya wote. "Mheshimiwa, usichukie nikikuuliza. Sisi wote hapa tuna kwetu. Wewe ukifa utazikwa wapi?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anapima kama mtu asiye na kaburi la kurudi anaweza kuaminika na mali ya watu. Nikamwambia, "Kariokor, mzee wangu. Makaburi ya Waislamu, hapo tu. Mume wangu yupo, mavyaa yupo. Mnaweza kuja kwa miguu."

Mzee alifikiri kidogo, akasema, "Basi huyu hatatukimbia." Watu wakacheka, kikapu kikazunguka mara ya pili.

Ndiyo, na Desemba Nairobi inapohama yote kwenda ushago, mimi hubaki. Mafuriko na mabomba yaliyopasuka hayafungi likizo, na mwakilishi ambaye simu yake inapatikana siku ya Krismasi hana haja ya mabango mengi.

Wala sikuwa wa kwanza kuja na kubaki. A. M. Jeevanjee, aliyezaliwa Karachi, aliingia Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni mwaka 1909, mtu wa kwanza asiye mzungu kuketi humo, na bustani aliyoupa mji bado ina jina lake. Wanaobishana siasa pale, wale wa Bunge la Mwananchi, hawajamaliza mjadala mpaka leo. Ninayempenda zaidi lakini ni Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab. Jeevanjee aliteuliwa na serikali. Singh hakuteuliwa na mtu. Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alitoa hoja ya kudai uhuru wa papo hapo, wakati ambao wengi waliozaliwa hapa walikuwa bado wakiomba kwa adabu. Alishikwa mwezi uliofuata, akawekwa kizuizini hadi 1961. Ukumbi ule bado upo. Nimefanyia mikutano mle, na kila mara nilianza kwa kuwauliza vijana kama wanamjua. Wachache walimjua.

Kiti nilikipoteza mwaka 2022. Kijana aliyenishinda hakuniita mgeni hata siku moja. Alisema nimezeeka, na kwa hilo sina cheti cha kujitetea. Mitaa yetu imejaa vijana, naye ni wao.

Juzi amenijia dada mmoja mzaliwa wa Bukavu, muuza vitenge, kaolewa hapa na ana watoto shuleni. Anataka wadi mwaka 2027. Ana watu, ana sauti, na ana ule uchangamfu wa Kikongo ambao ungejaza uwanja bila muziki. Nilimwomba cheti kabla ya kumwaga chai. Kimeandikwa 2018. Tukahesabu pamoja: uchaguzi ni Agosti 2027, miaka kumi haijatimia, kwa hiyo ni 2032. Alikasirika kwa Kifaransa kwanza, kisha akarudi kwenye Kiswahili akaniuliza, "Sasa dada yangu, miaka yote hiyo nikae tu?"

Nikamwambia vikao vya wananchi kutoa maoni ya bajeti havimuulizi mtu uraia wake una umri gani. Aende na orodha ya mitaro ya mtaani kwake, na ahakikishe majina ya barabara ni sahihi.